Mstari Mweupe wa Gorong'a

Jumatatu, 3 Machi

Bado njia za mizigo. Zimebaki nne. Wageni watatembea kwa miguu siku tatu, kutoka Tarime mpaka Morotonga, na mabegi yao yatatangulia kwa gari. Mimi nayachorea njia kwenye mfumo: nukta ya kupakia, mstari wa bluu, nukta ya kushusha. Nikikodolea macho picha ya setilaiti, ofisi hii ya Bomani inapotea. Naelea juu ya mahindi ya watu. Mabati yanameremeta huko chini. Chai imepoa tena.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata njia ya mkato Gorong'a. Mstari mweupe, mwembamba, unajipinda polepole kati ya vilima. Hauna jina. Mzuri mno. Nimeuchora wote bila kuinua kidole.

Mzee Mwita, dereva wetu, aliinama kwenye kompyuta. "Binti, hii umeipita mwenyewe?"

Nikasema ndiyo.

Sijawahi kufika Gorong'a. Labda niliitazama mpaka nikaona ni yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Wageni sita wameondoka asubuhi. Mzee Mwita akapakia mabegi sita, akawapita njiani. Nukta ya gari ilitembea vizuri kwenye kompyuta, ikaingia kwenye mstari wangu. Nikatabasamu peke yangu. Mchana wingu likafunga upande ule. Saa nane nukta ikasimama.

Nikampigia simu. Haipatikani. Tena. Haipatikani. Nukta haikusogea.

Saa kumi akapiga mwenyewe. "Rhobi, barabara yako ni mto."

Mchanga mkavu wa mto. Ndio ule weupe. Maji yalishuka kutoka vilimani akiwa katikati. Alitoka kupitia dirisha. Wenyeji wakamvuta kwa kamba, wakaokoa na mabegi. Gari limezama mpaka vioo.

Ijumaa, 7 Machi

Ng'ombe wanane wamelitoa gari. Mabegi yamefikishwa kwa pikipiki, yameloa. Mzee Mwita amemwambia bosi ni mvua tu. Hakunitaja.

Naona aibu. Nikifumba macho naona mchanga mweupe, mtulivu, unaanza kutembea.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia bosi yote. Akaniuliza: "Angekufa, ungemwambia nini mke wake?" Amenipa onyo kwa maandishi. Ni haki yangu.

Mzee Mwita nilimkuta uani anasugua tope kwenye viti.

"Shikamoo, mzee. Nilikudanganya. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Nilijua. Ulijibu haraka mno." Akakamua kitambaa. "Na mimi nilitaka kuwahi."

Nikachukua kitambaa kingine. Tulisugua mpaka adhana ya adhuhuri.

Jumatano, 12 Machi

Nimeufuta ule mstari. Leo tumepita barabara ndefu, mimi na Mzee Mwita, kwa gari la kuazima. Nilishuka kila kivuko, nikauliza kina mama maji hufika wapi, nikaandika. Karibu na Morotonga tulisimama, ng'ombe wakavuka barabara. Wengi. Hawakuwa na haraka. Mzee Mwita akazima injini. Vumbi likapanda, likawa la dhahabu, likatua kwenye kioo. Kulikuwa na harufu ya majani mabichi na maziwa.