Bwana Harusi Asiingie kwa Fundi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshinda tena! Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mimi mengi yangu nimeyaona nikiwa nimepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, napima pindo za magauni ya harusi ya watu.

Leo kaja yule mama mwenye duka la miwani. Gauni lake la kwanza nilimshonea mimi, jeupe, mkia mrefu. Sasa anaolewa mara ya pili, anataka fupi, rangi ya krimu, eti lisilo na makelele. Nikamwuliza kwa upole, kama mtu asiye na nia yoyote: yule bwana wa kwanza, mlikuja naye hapa kuchagua kitambaa? Akafikiri. Ee, alikuja. Tena lesi aliichagua yeye.

Niliuma pini nisicheke.

Ni yale yale! Kila anayerudi kwangu kwa gauni la pili, nikimchokonoa, bwana wa kwanza alifika kwa fundi. Wote. Haya, karibu wote. Mwanamume wa kushikashika satini hadumu. Wa kudumu hubaki kwake, akiulizwa anaguna. Hili sikulisoma popote, nimeliona kwa macho yangu. Na mwenye macho haambiwi tazama.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Binti yangu — ninaye huyo huyo mmoja, na harusi yake ni Jumamosi ya wiki ijayo — kaniambia huku anakoroga chai, kijuujuu tu, kwamba mchumba wake atapita dukani kuliona gauni.

Mchumba ni fundi wa mafriji. Kimoyomoyo namwita Bwana Friji. Binti anajua, na hapendi.

Nikasema haiwezekani. Kwa nini? Duka ni dogo, nikasema. Akalitazama duka. Juzi tu waliingia humu wasimamizi wa harusi nzima na mama zao, wakakaa mpaka juu ya meza ya kukatia. Basi atanijazia vumbi, nikasema. Akanijibu: Mama, mwenzio anaoga.

Jumamosi, 8 Machi

Kaja!

Kafika na shati lililopigwa pasi, shikamoo ndefu, akasimama mbele ya sanamu yangu ya nguo kama mtu aliyetambulishwa kwa mkwe. Nikaamua kumtoa kwa akili. Nikamtuma uzi wa rangi ya maziwa yaliyolala. Rangi hiyo haipo! Niliitunga palepale mlangoni. Nikajua atazunguka maduka mpaka achoke, aende kwao.

Sijamaliza hata kola, huyo karudi. Ana nyuzi za aina nne. Akasema muuzaji hakujua maziwa yamelala kwa muda gani, kwa hiyo mama achague.

Binti alijifunika uso kwa kitambaa cha bitana, mabega yanatikisika.

Halafu likaja la kuniua. Bwana Friji akaangalia mkono wa gauni, akasema kwa adabu zake: mwenzangu akicheka hurusha mikono juu, hapa kwapani hapatambana? Na ni kweli. Binti yangu hucheka kwa mikono tangu yuko kwenye nepi. Nimemzaa mimi, nimekata kitambaa mimi, nimesahau mimi.

Ningefurahi. Nimeogopa. Baba wa binti yangu naye alikuwa hivi hivi. Alinisindikiza kwa fundi, akaishika hariri kwa vidole viwili, akasema hii ndiyo yako. Nikayeyuka. Binti hajaanza hata shule, mwanamume kaondoka na sanduku lake. Na pasi! Pasi ya nini, mtu ambaye hakuwahi kunyoosha leso?

Walipotoka nikafumua mkono mzima. Eti haujakaa sawa.

Jumapili, 9 Machi

Binti kaliona gauni lina mkono mmoja. Kaniuliza. Sikuwa na uongo wa karibu, nikamwambia yote: mabwana waliofika dukani, magauni ya pili, ushahidi wangu wa miaka na miaka.

Kwanza alicheka, mikono juu. Kisha akaniuliza taratibu: "Mama, wale waliodumu na waume zao wanarudi kwako kufanya nini? Kushona gauni la pili?"

Nikamwambia asinijibu hivyo, mimi ni mama yake.

Akasema hajanijibu, ameuliza. Chai ikafurika jikoni, tukaiacha ifurike. Akaniambia gauni lisipokwisha Ijumaa, atakodi. Atakodi! Binti wa fundi wa magauni, aingie harusini kwake na gauni lenye jasho la wenzake! Na akaongeza, huku anavaa viatu: gauni naweza kukodi, Mama, mama siwezi kukodi, sasa amua wewe.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kutafuta shahidi.

Mwalimu wa chekechea. Nilimshonea enzi za cherehani ya miguu, na mpaka leo yuko na mumewe, raha mstarehe. Huyu ndiye niliyemtaka: aliyedumu, na bwana hakukanyaga dukani. Namkumbuka vizuri mno. Alikuja peke yake, mvua inanyesha, viatu kashika mkononi. Ningeapa mahakamani.

Nikambeba wifi yangu aje asikie mwenyewe. Wifi ni dada wa yule mwenye pasi. Kaka mtu aliniacha, yeye akakataa kuniacha.

Tumemkuta bwana sebuleni anakunja nguo zilizoanuliwa. Sikuzunguka. Nikasema: bwana, wewe hukuwahi kufika dukani kwangu, sivyo? Akacheka mpaka soksi zikamdondoka. Alifika! Tena si mara moja! Mwalimu kaingia chumbani, katoka na picha. Duka langu la zamani, pazia lile la maua. Bwana kajifunika shela kichwani, anajifanya bibi harusi. Na pembeni yake, futi shingoni, mdomo wazi, meno yote nje — mimi!

Niliigeuza picha. Nikaigeuza tena. Pazia langu, futi langu, meno yangu. Kumbukumbu ndiyo sijui ya nani. Na ile mvua? Labda ilikuwa ya mteja mwingine. Labda niliinyesha mwenyewe.

Mwalimu akamalizia, kwa ile sauti ya kuzoea watoto wadogo: "Na wewe ndiye uliyetuambia hatumalizi mwaka."

Kumbe! Walipodumu, kwenye kumbukumbu yangu nikamtoa bwana wa watu dukani kimyakimya, neno langu lisianguke. Hata kuaga sikumwacha aage.

Wifi kacheka njia nzima. Kuna mahali alishika nguzo ya taa.

Jumatano, 12 Machi

Nimenuna. Nimeshona. Mkono umerudi, na kwapani nimepanua.

Alhamisi, 13 Machi

Nilimwambia wifi: haya, mwalimu na mumewe tuwaweke kando, wale ni bahati. Lakini kaka yako je? Kaka yako nilimwona mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Alikuja kwa fundi, alichagua hariri, aliondoka. Hilo nalo nimeota?

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alikuwa ananikunjia vipande vya lesi, akaviweka chini. Akasema: "Wifi, kaka yangu alikuwa mtu wa kuondoka kabla hajaijua hariri. Kazini aliondoka, kwa mama aliondoka, kwangu kaondoka na deki ya video. Wewe ulikuwa unamtazama vidole. Sisi tulikuwa tunamjua miguu. Usimvishe mtoto wa watu koti la kaka yangu."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nikamjibu. Akasema sawa, shtuka, lakini usiupige ung'ongo mawe siku ya harusi yake.

Nilienda kujifungia kwenye stoo ya vitambaa. Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Huyu Bwana Friji simwogopi hata kidogo. Namwogopea binti yangu. Nilipoachwa nililala siku nyingi nikitazama ukuta, na yeye mdogo vile ananiletea maji kwenye kikombe cha mdoli. Sitaki aujue ule ukuta. Ndiyo maana nikataka sana pawe na dalili. Dalili moja tu, niione mapema, nifunge mlango.

Ijumaa, 14 Machi

Gauni limekwisha! Nimeshona kama ninayefukuzwa. Binti kalivaa, kajitazama, tumelia kidogo sote wawili, pua zimetuvimba. Halafu kulivua — zipu imegoma. Katikati ya mgongo. Haipandi, haishuki.

Nikapaka mshumaa. Hakuna zipu iliyowahi kunigomea isilainike kwa mshumaa. Hii imekula mshumaa na bado imenuna. Sabuni, vilevile. Nikashika mkasi, binti akapiga ukelele: Mama! Harusi ni kesho!

Hapo hapo, hodi. Bwana Friji, kaja kumchukua mwenzake. Nikamwambia kupitia mlangoni asiingie. Akatii. Kisha akasema kutoka nje, sauti ya chini, hana utani hata chembe: "Mama, ameniambia unachokiamini. Nisipoingia, tutadumu? Maana kama ndivyo, mimi nitakaa huku nje mpaka kesho."

Nikatafuta jibu. Magoti yangu yote yale sakafuni, macho yangu haya haya, nikatafuta. Halafu nikasikia mdomo wangu unasema: "Sijui, mwanangu."

Sijawahi kusema sijui ndani ya duka hili. Binti aligeuza shingo kunitazama, mwili haukuweza kugeuka.

Nimefungua mlango.

Sasa yuko nyuma yake anachungulia ile zipu. Mimi nimepelekwa kwenye kiti cha wateja, eti nahema shingoni mwa watu. Naandika ili mkono usimzabe mtu kofi. Anasema inahitaji penseli. Risasi ya penseli inalainisha meno ya zipu, alifanya hivyo kwenye mkoba wake wa vifaa. Penseli! Kwenye gauni jeupe! Nikamwambia mimi nimeanza kushona yeye hajazaliwa. Akasema kweli kabisa, mama. Na mshumaa umesaidia?

Nikausukuma mshumaa chini ya kiti kwa kisigino.

Ameingiza karatasi chini ya zipu, kitambaa kisiguswe. Ameiingiza vizuri, siwezi kusema uongo. Lakini vizuri si kitu. Ikimponyoka tu, kesho binti hana gauni, na penseli nitakuwa nimeitoa mwenyewe kwa mkono wangu.

Anaomba tena. Humu ndani penseli ni hii hii ninayoandikia. Binti ananitazama kwenye kioo. Mkono wa kijana uko wazi, unanisubiri.

Haya. Ngoja nim