Nimempa Dikteta Pua ya Baba Mkwe

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa nimejifungia stoo ya karatasi hapa gazetini, maana nyumbani siwezi kushika kalamu mke wangu akanitazama. Shida ilianza miaka sita iliyopita nilipopewa kazi ya kumchora Mtukufu Rais, yule tuliyempindua mwezi uliopita, ambaye picha zake zote zilikuwa zimesafishwa mpaka uso umebaki kama sahani, na katuni bila pua ni ngoma bila ngozi, basi siku moja nikamwona baba mkwe amesinzia kwenye kochi, pua imesimama kama mpini wa shoka, nikaichora, nikambandika Rais, na gazeti likaisha kabla ya saa tatu asubuhi.

Pua ikawa mali ya taifa. Waandamanaji waliitengeneza kwa maboksi wakaivaa, wakaimba "Pua iondoke!" na siku ya mapinduzi walinzi wa uwanja wa ndege wakashika katuni yangu kukagua abiria mmoja mmoja, na Rais mwenyewe, mwenye kipua kama kifungo cha shati, akapita salama, tena wakamsaidia kubeba sanduku.

Sasa baba mkwe, fundi saa ambaye hajawahi kugombea hata umonita wa darasa, amekamatwa mara tatu na kamati ya mapinduzi ya mtaa. Mara ya mwisho nilikuwepo. Mwenyekiti aliweka gazeti kando ya shavu la mzee.

"Mzee, geuka ubavu."

Akageuka.

"Ndiye huyu!"

"Mwanangu, mimi natengeneza saa."

"Hata yeye alituambia anajenga nchi!"

Wakasema mzalendo halisi hana pua ya namna ile, wakampa fomu ya kuthibitisha uraia, ina nafasi ya vipimo vya pua, na keshokutwa anasimama mbele ya kamati kuu. Kibanda chake kimefungwa. Juzi aliniuliza, "Mkwe, wewe mchoraji, kweli nafanana na yule shetani?" Nikajibu, "Hapana baba, kidogo tu." Mke wangu anadhani ni bahati mbaya ya kufanana. Mhariri ananiambia, "Pua hiyo imeangusha serikali, wewe nani uirudishe kwa mwenyewe?" Nikiri, au nihame?

Mchora Katuni Mwenye Majuto

*

Mwenye Majuto,

Uhamie wapi, na mzee umwachie nani? Nimecheka, nikaona aibu kwa kucheka, kisha nikakukasirikia. Mzee wa watu amekupa binti, wewe ukaona haitoshi, ukamchukulia na pua!

Ninakubali kwamba kumchora yule bwana enzi zile kulihitaji moyo, na wengi wanaojiita wanamapinduzi leo walikuwa uvunguni. Lakini uliifundisha nchi nzima kuchukia pua kwa sababu pua ni rahisi kuchora. Yule aliiba kwa mikono na kudanganya kwa mdomo. Pua yake haikumkosea mtu. Na hiyo kamati! Jana walipigwa virungu wakiulizwa ni wa wapi, leo wanapima wenzao. Taifa linalotambuana kwa rula si taifa, ni duka la viatu. Mhariri wako, kama anaona mapinduzi hayawezi kuishi bila pua, ajitolee ya kwake.

Sasa sikiliza. Leo hii, kabla hujala, mwambie mkeo. Usianze na "unajua mke wangu, sanaa..." Sema: "Ni mimi." Akimaliza kupiga kelele, nendeni wote kwa mzee, umwombe radhi umepiga magoti, kisha umchore, safari hii akiwa macho na kwa ruhusa yake: uso mzima, mezani kwake, lenzi jichoni. Chini uandike: "Pua hii ni ya fundi saa. Mwizi ni mimi." Itoke ukurasa wa mbele kesho. Mhariri akikataa, ibandike ukutani mwenyewe. Kuta za mji huu zimezoea.

Keshokutwa simama mbele ya kamati kuu ukiwa na mchoro mkononi, si nyuma ya mzee, mbele yake. Wakikuuliza Rais anafananaje hasa, wachoree alivyo. Wataweka rula chini, kwa sababu kila mmoja ataona pale kitu cha uso wake mwenyewe.

Ukitoka hapo, fungua kibanda pamoja na mzee, ukae mlangoni mwezi mzima. Atakayekuja kucheka pua, aanze na yako.