Kikao cha Kamati ya Mlo wa Mchana, Shule ya Tagmut: Kuisha kwa Dengu na Watoto wa Ighil

TAREHE: Jumapili, 20 Januari 2008
MAHALI: Jikoni mwa shule (darasani hakukuwa na kuni)
WALIOHUDHURIA: Bassu U-Asu (mwenyekiti), Mwalimu Idris, Bi Rkiya (mpishi), Bi Tuda (mzazi kutoka Ighil), Moha U-Sakku (katibu)
ASIYEHUDHURIA: Ali U-Daud, mjumbe wa Tagmut. Alisema theluji imemzuia. Bi Tuda, anayetoka mlimani, alifika wa kwanza.

KUMB. NA. 1/2008: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa nane mchana kwa Bismillahi, akaomba wajumbe wasitupiane maneno.

KUMB. NA. 2/2008: KUISHA KWA DENGU
Mwenyekiti alieleza kwamba dengu za mwaka mzima zimekwisha. Zililetwa kwa ajili ya watoto saba wa Ighil, kijiji cha mlimani, wasioweza kupanda mlima kwenda kula na kurudi. Kamati iliona ni aibu mtoto kula mwenzake akitazama, ikaamua wote wapakuliwe, hata wale ambao kwao ni nyuma ya ukuta wa shule.

Bi Rkiya alikumbusha kwamba alipinga. Alisema: "Niliwaambia, kuona haya hakujazi gunia."

Mwenyekiti alijibu: "Mpishi apike, kamati ifikiri."

Bi Rkiya alisema: "Imefikiri, mzee Bassu, mpaka gunia limebaki kitambaa."

Mwenyekiti alitaka maneno hayo yasiandikwe. Kikao kiliamua yaandikwe.

KUMB. NA. 3/2008: HALI YA MASOMO
Mwalimu alieleza kwamba tangu mlo usimame, watoto wa Ighil husinzia mchana. Itto, binti wa Bi Tuda, aliyekuwa wa kwanza darasa la tano, alionekana wakati wa mapumziko akitafuna na kinywani hamna kitu, ili asidhaniwe anangoja kupewa. Tangu Alhamisi hajafika.

KUMB. NA. 4/2008: KULISHA KWA ZAMU
Mwenyekiti alipendekeza nyumba za Tagmut ziwalishe watoto hao kwa zamu, kama zinavyomlisha fakihi wa msikiti.

Bi Tuda alisema: "Fakihi anasomesha, ndiyo maana anakula. Wanangu wafundishwe nini, kupiga hodi?"

Mwenyekiti alisema kosa lilikuwa lake, na kwamba kesho nyumba yake itaanza, Itto akae karibu na mkewe.

Bi Tuda alisema: "Haddu, mdogo wake, atakuja. Itto amechukuliwa na shangazi yake, yuko mjini Meknesi kwa watu, anaosha vyombo. Huko anakula."

Zamu ilikubaliwa kwa watoto sita.

KUMB. NA. 5/2008: JINA LA ITTO
Mwalimu alisema ataendelea kuliita jina la Itto kila asubuhi, huenda akarudi.

Bi Tuda alisema: "Usiliite, mwalimu. Ukiliita, Haddu anageuka kutazama mlango."

Iliamuliwa lisiitwe.

KUMB. NA. 6/2008: KUFUNGA
Kikao kilikwisha saa tisa na nusu, ili Bi Tuda awahi njia kabla ya giza.

Mwenyekiti: Bassu U-Asu (dole gumba)
Katibu: Moha U-Sakku (sahihi)