Siki Uliyotutumia Kutoka Jerez

Dada Tusekile,

Barua zangu zote kwako zilianza na "Mpendwa Sista". Leo siwezi. Mama tumemzika wiki tatu zilizopita nyumbani Ileje, na wewe ukatuma mistari miwili: pole, na kwamba unatuombea. Niliisoma hapa dukani Tunduma, malori yamejipanga barabarani kama kawaida, nikaamua kukuandikia yote mara moja. Na naandika waziwazi, kwa kuwa si mimi peke yangu uliyenidanganya.

Unakumbuka pombe ya mama ya ulezi? Ikichacha alitutuma tukaimwage nyuma ya nyumba kabla majirani hawajasikia harufu. "Mbio! Watasema sijui kupika." Tulicheka mpaka ndoo ikatumwagikia miguuni, nawe ukanifuta kwa khanga yako.

Kisha ukaenda utawani, ukaweka nadhiri, na shirika likakupeleka Hispania kuwauguza watawa wazee. Siku ya kukuaga mama alivaa kitenge kipya, hakutoa chozi. Tangu hapo kijiji kizima kilimwita Mama Sista.

Barua zako zilikuja kwenye simu yangu, nami kila nilipopanda Ileje nilimsomea. Ulituandikia habari za Jerez, mji unaokaa: udongo mweupe kama chokaa, na zabibu zinazoanikwa kwenye mikeka mpaka zisinyae, ndipo zikamuliwe mvinyo mweusi, mtamu kama asali. Mama akasema, "Kumbe wanaanika kama sisi na kahawa." Ukaeleza mapipa yalivyopangwa safu juu ya safu, mvinyo wa kuuza hutolewa safu ya chini, pengo likajazwa kwa ule wa safu ya juu yake, mvinyo mchanga ukachanganyika na mkongwe. Ukasema zamani pipa likigeuka siki wenye ghala waliona aibu, wakalificha kona ya nyuma, lakini siku hizi siki hiyo inaheshimiwa kuliko hata mvinyo. Mama alicheka sana. "Basi huko mimi ningekuwa tajiri!"

Ukamtumia chupa moja kwa mkono wa padri. Maandishi yake hatukuyajua. Mama aliifungua siku jumuiya ilipokutana kwetu, akawamiminia wazee kikombe kimoja kimoja. Ilikuwa siki. Mwenyekiti wa jumuiya alifumba macho, machozi yakamtoka. Mama akaonja, akameza, akasema bila kutetereka, "Mvinyo wa watawa ndivyo ulivyo. Ni wa Kwaresima." Wakanywa wote mpaka tone la mwisho, kwa heshima yako.

Alitamani kukuona uso kwenye simu. Ulisema sheria za nyumba haziruhusu simu ya picha. Tuliamini. Kumbe hukuwa na shela kichwani.

Miaka mitatu iliyopita alikuja mtawa wa shirika lako akiwa likizo, akanitafuta hapa dukani baada ya misa. Nilimpa kiti na soda, nikauliza, "Sista Tusekile hajambo?"

Akaweka soda chini. "Ina maana hamjui? Alishaondoka kwetu, huu mwaka wa nne. Ameolewa. Yeye na mume wake wanafanya kazi kwenye ghala la mvinyo."

Ndipo nilipoelewa kwa nini barua zako zilikuwa na mvinyo mwingi kuliko Mungu.

Kuolewa kwako hakukuniudhi, dada. Utawa umewashinda wengi, na wamerudi nyumbani wakapokelewa. Nilipokuandikia kwamba najua, ulijibu, "Usimwambie mama, utamuua." Kwa hiyo uongo wako ukawa mzigo wangu. Miaka mitatu niliupandisha mlimani. Barua zako ziliishia na "nawasalimu wote", mimi nikaongeza baraka, nikaongeza rozari, nikaongeza sala za kuwaombea wagonjwa. Nilisema uongo mbele ya mama yangu nikiwa nimeinamisha kichwa kama mtu anayesali.

Mama alipoanza kuvimba miguu aliuliza kama Sista atakuja. Nilikuandikia mara nne. Ulisema ni msimu wa kuvuna zabibu, utakuja baada ya mavuno.

Alasiri moja nilimsomea barua yako, nikaibandikia sala ndefu. Akanishika mkono.

"Unasoma vizuri, mwanangu. Ila Tusekile hajawahi kujua sala ndefu hivyo."

Nikaizima simu.

"Yule mtawa alipotoka kwako alipitia kwangu," akasema. "Nikaona unavyohangaika kunificha. Nikasema nisikuvunje moyo."

Miaka mitatu, dada! Tumekaa jikoni pamoja, tumemenya ndizi pamoja, kila mmoja akimficha mwenzake jambo ambalo wote tulilijua. Hatukulia pamoja hata siku moja. Hatukukusema, hatukukutetea, hatukukucheka. Hicho ndicho ulichotunyang'anya, na hakuna mavuno yatakayokirudisha.

Kabla sijaondoka akanituma kwako: "Mwambie sina kinyongo naye. Angekuja tu, yeye na mume wake, ningewapikia." Siku ya tano akafariki. Zabibu zenu bado zilikuwa mizabibuni.

Msibani wazee wa jumuiya waliniuliza kwa nini Sista hakuja. Niliwaambia ukweli, palepale, mbele ya jeneza. Hakuna aliyekutukana. Mwenyekiti alitikisa kichwa tu, akauliza, "Na mama yenu alijua?" Nikasema alijua. Akaenda kusimama peke yake kwenye migomba kwa muda mrefu.

Kaa salama huko na shemeji, ambaye mpaka leo hata jina lake silijui. Ujumbe niliotumwa nimeufikisha: mama alikusamehe.

Mimi bado.

Mdogo wako,
Tunduma