Bugali Nimeacha Mwenyewe

Nyalukemba, Bukavu
Jumapili, baada ya misa

Maman wangu mpendwa,

Umeamkaje huko Kalemie? Magoti yako yanasemaje na mvua hizi? Na bado unajitwisha maji mwenyewe ingawa nilikukataza? Sisi huku tuko hai, Mungu ashukuriwe. Mjukuu wako Neema ameota meno ya mbele na sasa anauma kila anayembeba. Mke wangu Furaha anaendelea na biashara yake ya maharage kule Minova. Leo yuko hapa, kesho hayuko.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu imenishinda. Nikipiga, unalia, na mimi siwezi kubishana na machozi ya mzazi. Ile sauti uliyonitumia, ya kwamba niache kula kwa mama mkwe wangu, imezunguka kwenye simu za ukoo mzima. Sasa mjomba wangu, Tonton Kalenga, anasema atapanda mwenyewe kuja Bukavu "kumusemesha ule mama". Maman, naogopa. Naogopa kuliko siku ile Papa alipoanguka. Mpe Dada akusomee polepole, unisikilize mpaka mwisho.

Unajua niliacha sigara, nawe ulimshukuru Bikira Maria kwa novena nzima. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba mkono uliozoea sigara haukai bure. Ukaanza kupeleka mdomoni kila ulichokuta: mkate, sambusa, chai iliyojaa sukari, na bugali jioni hadi sufuria ilie. Nikanenepa. Watu wakanisifu njiani, "Mwalimu, maisha imekuwa muzuri!" Mimi nilijua nilivyokuwa nahema nikipanda kilima cha nyumbani, nikisimama kila mara nikijifanya natazama ziwa.

Kwenye kituo cha afya daktari alinipima damu, akapima tena. Tansio, yaani presha ya damu, ilikuwa juu, na sukari ilikuwa inabisha hodi. Akaniuliza baba yangu alikufa kwa nini. Nilimweleza: alikuwa ameinama kufunga kamba za viatu aende misa, hakuinuka tena. Daktari akaweka kalamu chini. Akaniambia nipunguze bugali, mchele, mkate, viazi na vinywaji vitamu. Nile mboga, samaki, mayai na avoka. Na nitembee kila siku, taratibu. Alinikataza kabisa kukimbia kwenye milima yetu hii na mwili ule.

Basi asubuhi, jua likishatoka vizuri, maana hali ya mji unaisikia, nashuka kwenye gari kabla ya kufika shuleni Bagira na kumalizia kwa miguu. Saa za mchana nakwenda Kasha kwa mama mkwe, si mbali na shule. Yeye peke yake ndiye aliyekubali kunipikia bila kunicheka, maana huku mwanaume asiyekula bugali anahesabiwa hajala. Ananiwekea sombe ya majani ya muhogo, mchicha wa lengalenga, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga. Na kwa heshima ya ukwe, hatuli pamoja. Mimi nala sebuleni, yeye anakula jikoni na wajukuu, sahani yao na bugali yao. Hapo ndipo balaa lilipoingilia.

Nilipoanza kukonda, mwalimu mwenzangu Papa Bashige alinivuta pembeni.

"Mwalimu, iko nini? Unaisha hivi! Saa sita unakulaka wapi?"

"Kasha, kwa mama mukwe."

"Na yeye anakulaka na weye ku sahani moya?"

"Hapana. Miye nakulaka yangu pembeni."

Alishika kichwa. "Karuho," akasema.

Unalijua neno hilo, Maman, ile sumu wanayosema inamkausha mtu polepole. Nilimweleza habari ya daktari, nikamwambia bugali nimeacha mwenyewe. Akanionea huruma. "Njo vile inafanyaka. Inakuchukizisha bugali, weye unawaza ni munganga." Bashige ni rafiki yangu wa kweli, na nadhani ni yeye, kwa kunipenda, aliyemtafuta Tonton.

Wiki iliyopita nilikuwa nakula pale Kasha, jiwe likaanguka juu ya bati. Likaja la pili. Nje mtu akapiga kelele, "Mulozi!" Mama mkwe alikuwa kwenye mlango wa jikoni, ameshika mwiko, wajukuu wamejificha kwenye pagne aliyojifunga kiunoni. Aliwaingiza watoto chumbani, akafunga dirisha.

Kesho yake nilikuta meza iko uani, mbele ya barabara. Akaleta sahani moja ya sombe, akavuta kigoda, akakaa mbele yangu. Niliruka nikasimama.

"Maman, hapana! Ile haifanyikake."

"Ikala chini, Papa Neema. Heshima yangu nitaitafuta siku ingine. Leo batu baone."

Akachota kwenye sahani yangu, akala. Watu wa njiani walisimama wakatazama mama mtu mzima akila sahani moja na mkwe wake, nami kwa aibu nikainamia sahani. Tangu hapo tunakula hivyo kila siku, naye kila siku anatangulia kuonja.

Nimefikiri nirudie bugali, ninenepe, wamwache. Hata sigara, Maman: juzi nilisimama mbele ya kibanda, pesa mkononi, nikageuka. Nikinenepa nafuata njia ya Papa. Lakini kukonda nako hakunipi usingizi. Tansio imeanza kushuka, ila daktari bado ananiita, hajaniachia. Nikianguka leo, mwembamba hivi, nani atakumbuka tansio ya ukoo wetu? Watafika Kasha kabla hawajanifunika shuka. Mama huyo atauawa kwa ajili ya mboga.

Mzuie Tonton. Umwambie kwa kinywa chako kwamba mwanao hakulishwa kitu. Msalimie Dada msomaji, na shemeji fundi wa baiskeli, na yule bibi jirani aliyenikata kitovu, asiyekosa swali. Furaha anakupigia magoti. Neema anakutumia meno yake.

Na sasa nakuomba neno moja tu. Watu huku hawanisikilizi mimi, wanasema sumu ndiyo inayosema. Lakini mama mzazi, hata walevi wa Kasha wanamsikiliza. Njoo, Maman. Njoo ukae kwenye ile meza ya uani, barabara yote ikitazama, ule chakula cha mama mkwe wangu kwa mkono wako. Najua umeshaogopa, nimesikia sauti yako kwenye simu. Ukifika na moyo ukikataa, usiseme kitu. Niguse tu goti chini ya meza, nitaonja mimi kwanza.

Ni mimi, mtoto wako wa tumbo,
Dieudonné