Ukurasa wa Mzee Anayelia

Jumanne, 10 Juni 2025

Dirma. Mwaka wa hamsini na moja tangu nitoke kijijini kwetu Daudi, kule Mbulu. Nilitoka kijana wa miaka ishirini. Sasa magoti yanajua baridi kabla redio haijaitangaza.

Erica amekuja kutoka Katesh na bahasha nene. Huyu ni mjukuu wa marehemu dada yangu Paskalina. Anafundisha sekondari, na jioni anachora kwenye kishikwambi alichopewa kazini. "Shikamoo babu. Nisahihishie Kiswahili, kabla sijapeleka kwa mchapaji." Nikafungua. Katuni! Bahasha nzima ya katuni!

Nikamwambia nimesahihisha insha maisha yangu yote, sijawahi kusahihisha maneno yanayotoka mdomoni mwa mtu kama povu. Akacheka. "Babu bwana! Hii ni riwaya. Ila inasomwa kwa macho mawili." Nikauliza insha zangu zinasomwa kwa mangapi. "Kwa moja. La pili linasinzia."

Mdomo wa bibi yake ule ule.

Alhamisi, 12 Juni

Nilidhani nitaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Nimeshindwa.

Ni miaka mia mbili mbele. Mvua imekoma. Watu wa Hanang wamerudi kuishi kwenye nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa mlima, kama mababu walivyochimba zao kule juu Mbulu. Ila mababu walikuwa wanawakimbia maadui; hawa wanalikimbia jua. Maji na taa vinagawiwa na mashine, jina lake Mizani. Kila anachotengeneza mtu kinapimwa, naye anapewa kadiri ya uzito wake. Jembe lina uzito. Chungu kina uzito. Kuna msichana, Nade, anachora ukutani kwa majivu. Mizani inasoma sifuri.

Sifuri hiyo imechukua ukurasa mzima. Nyeusi, haina neno hata moja. Nimeitazama muda mrefu kuliko kurasa zenye maneno — mimi, mwalimu wa lugha!

Nimesahihisha koma chache. Mengine sikuthubutu kuyagusa.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeendelea kusoma.

Wazee wa mlimani wanakaa na kuamua Nade anapoteza mwanga wa wenzake. Anatolewa nje ya mstari. Ni mstari wa nuru uliozunguka mlima. Aliye ng'ambo yake hapewi moto wala maji, na atakayempa naye anahesabiwa wa ng'ambo. Kisha nikafunua ukurasa. Kaka yake anavuka. Amebeba kibuyu cha maziwa.

Kibuyu kile! Mkanda wa ngozi begani, mdomo umezibwa kwa majani. Nilikibeba mimi!

Sikuwahi kumsimulia mtu. Hata mke wangu, Mungu amrehemu, alijua tu kwamba tulihama. Mwaka 1974 Paskalina alikuwa mjamzito na hana mume. Mila ya wakati ule ilisema msichana wa namna hiyo asijifungulie nyumbani, asije akaharibu mvua na mifugo. Metimani, ndilo jina la kutengwa huko. Husogelei moto wa watu, watu hawasogelei wako. Akapelekwa bondeni, nje ya mpaka. Nikampelekea maziwa. Asubuhi Mzee Margwe, mdogo wake baba yetu, akatoa neno mbele ya wazee: aliyegusa naye afuate. Tukashuka wawili mpaka huku Dirma. Mtoto akazaliwa huku. Ndiye mama yake Erica.

Baadaye serikali ikapiga marufuku mambo hayo. Kanisa lilishayakataa zamani. Lakini hakuna aliyetumwa kuja kuniambia: rudi. Na neno la mzee huondolewa na mzee aliyelitoa. Mama alizikwa Daudi nami sikuwepo. Sijaliona kaburi lake.

Jumapili, 15 Juni

Nimempigia Erica baada ya misa. Nani alikuambia habari ya maziwa?

Bibi yake. Jikoni, wakichambua maharage. Alisema kaka yake alivuka kumfuata, na huko nyuma hakuna aliyedondosha hata chozi. Alilisema, anasema Erica, kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Nikamwambia mbona mimi hakuniambia kuwa hilo ndilo lililomuuma. "Hukumuuliza, babu."

Basi. Tuliishi ua mmoja miaka yote ile.

Nikamuuliza pia kuhusu ukurasa mmoja karibu na mwisho. Mzee aliyetoa hukumu anakwenda nyuma ya zizi la kondoo, peke yake, anaegemeza paji la uso kwenye miti ya zizi na kulia. Blanketi amejitia mdomoni asisikike. Huyo je, ni nani? "Huyo nimemtunga tu. Sikuweza kumwacha bila kitu nyuma ya uso."

Jumatano, 18 Juni

Octavian amepiga simu kutoka Daudi! Mtoto wa marehemu mdogo wangu. Huwa ni salamu za Krismasi tu, ndiyo mazoea yetu. "Shikamoo baba mkubwa. Umekaa? Kaa kwanza."

Kumbe Erica ameweka kurasa tatu za mwanzo kwenye grupu la ukoo, akaandika chini kwamba ni habari ya bibi yake na kaka yake. Vijana wakauliza: nani hawa? Ni kweli tuna watu ng'ambo? Wameuliza mpaka maswali yakamfikia Mzee Margwe — yu hai! Amepita tisini! — naye akasema niitwe. Jumamosi ya tarehe 28 atachinja kondoo, itapikwa pombe ya asali, na yeye mwenyewe ataondoa neno. Octavian anasema nimeshatengewa mahali kando ya mama, siku yangu ikifika.

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa chini pale pale, kwenye magunzi ya mahindi.

Sikujua bado nalitaka jambo hili kiasi hiki.

Ijumaa, 20 Juni

Nimefua koti. Nimelitazama kwenye kamba kama harusi ni yangu.

Erica amefurahi kupita kiasi. Ametuma kitabu kizima kwenye grupu. "Wakuone vizuri kabla hujafika, babu!"

Jumatatu, 23 Juni

Gari limekuja leo mchana. Octavian anaendesha, na kiti cha nyuma, ndani ya mablanketi, Mzee Margwe. Kutoka Daudi mpaka hapa, na baridi hii!

Nikakimbia na magoti yangu. "Shikamoo baba mdogo." "Marahaba, kijana." Kijana! Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamkaribisha ndani. Akakataa. Erica, aliyekuwa amekuja kunisalimia, alikuwa amechemsha chai ya maziwa; akakataa. Amekuja na chupa yake ya chai, na kikombe chake. Octavian akatazama usukani. Hapo ndipo nilipoelewa: neno halijaondolewa, kwa hiyo mimi bado ni yule yule. Miaka hamsini na moja, na mtu hanywi kikombe changu! Tumezungumza kupitia dirisha la gari.

Akatoa simu ya Octavian, akaielekeza kwa Erica. Ukurasa wa mzee anayelia.

"Nani alikuwa nyuma ya zizi?"

Erica hakuelewa. Mimi pia.

"Nauliza nani alikuwepo. Palikuwa hapana mtu. Nilitazama."

Erica akasema: "Hapakuwa na mtu, babu. Mimi hata sikukujua sura. Nilitunga."

"Huwezi kutunga kilichotokea," akasema Mzee Margwe.

Ee Mungu. Hata Octavian aligeuka.

Kisha akaongea na mimi, polepole, kwa Kiiraqw, ili Erica asifuate yote. Ameshawatoa wengi, si Paskalina peke yake. Kila mmoja ana watoto, na wajukuu, na simu. Wakijua alilia, watauliza kama aliamini alichokiamua. Na kama hakuamini, waliondoka kwa ajili ya nini? Atawajibu nini? Ya maziwa yabaki, ya mstari yabaki, hata akichorwa mbaya ni sawa. Ukurasa huo mmoja utoke, kwenye kitabu na kwenye grupu, kabla vijana hawajaanza kuuliza. Ukitoka, Jumamosi kondoo atachinjwa. Usipotoka, hakuna kondoo.

Nikamuuliza: "Kwa hiyo ulilia kweli, baba mdogo?"

Akapandisha kioo.

Octavian akashuka, akanivuta pembeni. Watalala Katesh, kesho anataka jibu. "Baba mkubwa, ni karatasi. Usikose nyumbani kwa ajili ya karatasi."

Jumanne, 24 Juni

Erica amefika asubuhi, macho mekundu. Anasema ataufuta. Hadithi itasimama bila ukurasa ule, labda itachechemea kidogo. "Bibi hayupo tena, wewe upo. Nenda kwa mama yako, babu. Mimi nitachora vingine."

Nimemwambia asubiri nioge. Sikuoga. Nimekaa nikautazama.

Nimesoma vitabu vingi vinavyouliza sanaa ni ya nini. Wengine husema inafundisha, wengine inaburudisha. Na mimi niliwafundisha watoto hivyo hivyo, ubaoni, kwa chaki. Sasa mtoto aliyezaliwa Hanang amemtia mzee machozi ya kutunga, na machozi yakawa yake. Hakuna shahidi aliyekuwepo. Hakuna aliyekiri. Mkono tu, ukifuata uso mpaka unakokwenda. Tangu jana nimeduwaa, bado sijazinduka.

Na Paskalina. Alikwenda kaburini akiamini hakuna aliyelia. Aliyelia yupo! Yuko Katesh na chupa yake ya chai. Hatalisema, na akifa hakuna mwingine wa kulisema. Yote aliyoliliwa dada yangu katika nchi ile yako kwenye ukurasa huu.

Nataka kulala kando ya mama. Naliandika wazi, nisije nikajidai baadaye kwamba ilikuwa rahisi.

Simu imeita, nikaiacha. Inaita tena. Octavian. Erica amekaa mbele yangu na kishikwambi magotini, ukurasa umefunguliwa, kidole hewani. Anangoja nimwambie.

Nimemwambia aondoe kidole.

Hajaondoa. Ananiuliza kama nina hakika, na simu bado inaita, na nitaipokea nikimaliza mstari huu. Sitarudi Daudi.