Injini Iliyokwenda Baharini

Caibarién, 9 Machi 2003

Mwanangu Orestes,

Pokea salamu za mama yako. Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi za kanisa. Wewe je? Unakula? Katika picha uliyotuma toka ng'ambo mashavu yameingia ndani.

Baba yako mwili wake mzima. Lakini tangu kiwanda cha sukari kifungwe mwaka jana, fundi Ubaldo, aliyekuwa akisikiliza mtambo kwa sikio na kuutajia ugonjwa wake, anashinda kwenye kiti cha kubembea akihesabu wapita njia.

Sasa usicheke. Nimenunua pikipiki. Jirani yetu Zoila alibaki na ile ya marehemu mumewe, cc 125, pacha wa yetu. Fremu imeliwa na chumvi, ukiigusa inabaki mkononi, lakini injini ipo, imelala miaka saba. Nimempa nguruwe wangu, yule mwenye sikio jeusi. Fremu nzima sisi tunayo, na wewe unajua kwa nini haina injini. Siku hizi kuku anatagia pale penye nafasi.

Baba yako alipoiona ile injini aligeuza kiti kikaelekea ukutani. Huu ni mwaka wa tisa hajatamka jina lako. Nikikutaja, anauliza kama kahawa ipo. Nimechoka, mwanangu. Nataka nilisikie jina lako kinywani mwake kabla mmoja wetu hajazikwa, na njia nyingine sikuiona. Wewe pia ni fundi. Niandikie hatua kwa hatua jinsi ya kuifufua. Nitasoma kwa sauti hapo barazani, nitasingizia kwamba nisipojisikia sielewi.

Mama yako,
Nereida


Hialeah, 4 Aprili 2003

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, mashavu ni ubaya wa picha. Goti lipake mafuta ya nazi ya moto, wala usilipuuze.

Nilipoisoma barua yako nilicheka, kisha nikalia, mpaka bosi akaniuliza kama ile mashine ya kukatia majani imenifia mikononi. Nguruwe mzima, mama! Yule yule uliyekuwa unamwita mtoto wa pili!

Mara tatu nilimwandikia baba kumwomba radhi, na mara tatu akazirudisha barua bila kuzifungua. Simlaumu. Aliamka siku ile ya Agosti akakuta fremu tupu, injini tumeshaifunga kwenye chelezo cha mapipa na mbao, tuko baharini. Ile pikipiki aliijenga mwenyewe kwa miaka minne, kila nati ameitafuta kwa miguu yake.

Haya, sikiliza. Toa plagi, mimina oili kidogo ndani ya silinda, acha siku tatu. Usilazimishe kiki. Kabureta ioshe kwa petroli na mswaki wa zamani. Zile platini mbili ndogo zinazotoa cheche zisugue kwa tupa ya kucha, halafu pengo lake ulipime kwa wembe mmoja.

Mwanao,
Orestes


Caibarién, 11 Mei 2003

Orestes wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, na mimi leo sijambo zaidi. Mafuta ya nazi yamesaidia.

Nilisoma barua yako barazani, pole pole, kama ninavyosoma orodha ya mgao wa chakula. Oili, kimya. Kabureta, kimya. Nikafika kwenye platini, nikasema, "Wembe mmoja." Kiti kikaacha kubembea.

"Wembe mmoja?"

Nikajifanya sikusikia. Nikarudia.

"Nyembe nne! Mmoja utatosha kunyolea, si kuwashia injini! Huyo kafundishwa na nani?"

"Kafundishwa na wewe," nikamwambia.

Aliguna. Lakini aliinuka, Orestes! Akaenda bafuni, akazitoa nyembe nne, akapima mwenyewe huku akinung'unika kwamba wanawake na wakata majani watamharibia kitu. Nilisimama pembeni na kikombe cha kahawa nikiogopa hata kumeza.

Siku iliyofuata nikairudia barua yote tangu mwanzo. Palipokuwa sawa hakutia neno, akarudi kwenye kiti chake. Ndipo nikaelewa. Baba yako husema na mtu aliyekosea tu. Aliyepatia hana haja naye.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, na sijawahi kukuomba hivi tangu uanze shule: kosea. Kosea vizuri.

Mama yako


Hialeah, 3 Juni 2003

Mama,

Shikamoo. Ukurasa huu ni wako peke yako, ufiche kwenye kopo la mchele. Wa pili ndio wa kusoma kwa sauti. Nauandika kwa aibu, maana kwa kila neno lake baba angenipiga kofi.

Mwanao

(Ukurasa wa pili)

Mama mpendwa, natumaini wote hamjambo. Sasa fungua silinda, utazame pistoni. Juu yake pana mshale. Hakikisha mshale unaangalia nyuma, kwenye kabureta. Gasketi, ile karatasi ya kuzibia maungio, ikiwa mbovu, usihangaike, funga bila gasketi. Na ukifika kwenye tangi, tia petroli tupu. Kuchanganya oili na petroli ni ushamba wa wazee.

Orestes


Caibarién, 20 Julai 2003

Mwanangu,

Salamu, na kaa chini kabla hujaendelea. Sote wazima, hata kuku, ingawa amefukuzwa kwake.

Kwenye mshale alishika kichwa. Kwenye gasketi akasimama. Nilipofika kwenye petroli tupu na ushamba wa wazee, alivua kofia akaitupa chini, akapaza sauti mpaka Zoila akachungulia.

"Petroli tupu! Itakwama kabla haijafika kona! Kaua moja, sasa anataka kuua ya pili! Orestes ana wazimu! Orestes kaharibika akili huko!"

Alilitaja jina lako mara mbili. Nilikimbilia jikoni nikakata vitunguu ambavyo sikuvihitaji.

Tangu siku hiyo ana kazi. Gasketi ameikata kwenye sanduku la viatu vyangu vya harusi, sikuulizwa. Fremu ameisugua na kuipaka rangi ya bluu iliyobaki kwenye milango. Anakula akiwa amesimama, sahani ya wali na maharage meusi iko juu ya kiti cha pikipiki. Injini imeshafungwa, oili na petroli amechanganya mwenyewe kwenye chupa.

Lakini haiwashi. Kila alasiri anaipanda, anaweka mguu kwenye kiki, halafu anashuka. Jana nikamuuliza, "Unangoja nini, Ubaldo?"

Akafuta mikono muda mrefu. "Muulize, ile nyingine iliishaje."

Hata mimi hukuwahi kunieleza. Mwanangu, safari hii usikosee. Andika kweli.

Mama yako,
Nereida


Hialeah, 15 Agosti 2003

Mama, barua hii msomee baba yote.

Baba, shikamoo.

Tulikuwa sita. Petroli na oili nilichanganya kama ulivyonifundisha, kipimo kimoja cha oili kwa ishirini na tano vya petroli, wala sikuthubutu kukisia. Iliwaka kwa kiki ya pili. Ilitusukuma siku nzima bila kukohoa. Siku ya pili ikaanza kupungua nguvu, nami nikaiwekea mkono juu nikiisemesha kama ulivyokuwa ukifanya. Haikuzima, baba. Ilidhoofu, lakini iliendelea kwenda mpaka tukaona meli.

Mabaharia walikubali watu tu. Niliwaomba wanipe dakika mbili niifungue, wakakataa. Niliiacha ingali ikinguruma. Nilisikia sauti yake mpaka ikapotea, na hilo ndilo ninaloliota, si mawimbi.

Niliichukua bila kukuomba kwa sababu niliogopa utakataa, na niliogopa zaidi kwamba ukikataa nitabaki. Nilikukosea. Nisamehe.

Mwanao,
Orestes


Caibarién, 30 Novemba 2003

Orestes,

Marahaba. Mama yako hajambo. Mimi pia.

Mimi si mtu wa barua, na mkono umezoea spana. Nimeanza hii mara nyingi, mama yako amewasha jiko kwa nilizochana.

Kwanza, usinione mjinga. Ule wembe mmoja, sawa, ulisahau, na ni aibu. Lakini petroli tupu? Tangu una miaka tisa ukinichanganyia oili, leo usahau? Nilijua kabla mama yako hajamaliza ukurasa. Kopo la mchele nalo nalifungua kila siku, maana mpishi wa wali siku hizi ni mimi, goti la mama yako likiuma. Niliacha mwendelee kwa sababu nilikuwa napenda kusikia unachoandika. Kopo hilo mtafute jingine.

Pikipiki imewaka. Nilipomaliza kusikia barua yako nilitoka nikapiga kiki, ya tatu ikashika. Nimempeleka mama yako hadi mji wa Remedios na kurudi. Alinishika kiuno akipiga kelele njia nzima niende pole pole, kisha akataka twende tena.

Sasa nikwambie lile nililokaa nalo. Watu wote hapa wanadhani nilikasirikia injini. Mama yako pia. Ile injini ringi yake ya juu, inayobana pistoni ili nguvu isivuje, ilikuwa imechoka. Nilikuwa nimeshapata mpya, ipo kwenye kopo la maziwa juu ya rafu, nangoja Jumapili niifunge. Ulipita chini ya rafu ile ukaondoka. Niliambiwa mmefika, lakini hakuna aliyeniambia injini ilikwendaje, nami sikuweza kuuliza. Barua zako nilizirudisha kwa kuogopa nitasoma kwamba ilizima. Miaka tisa nimekuwa nikiwaona watu sita juu ya maji na ringi mbovu yangu.

Ilidhoofu siku ya pili kwa sababu ya ringi ile. Asante kwa kuniambia haikuzima.

Ile mpya nimeifunga kwenye hii ya Zoila, imekaa sawasawa.

Ungeniambia tu kwamba unaondoka, mwanangu. Ningekubadilishia kwanza.

Baba yako,
Ubaldo